Majalada Niliyoyararua

Mmeniomba niwaandikie miaka yangu ya karakana, nyinyi mliobaki na presi yetu na zile sindano mbili zisizopinda. Nadhani mlitarajia nianze na cheo nilichoingia nacho na nimalizie na kile nilichotoka nacho. Hayo yamo kwenye faili, faili limo kabatini, na ufunguo wa kabati ulipotea kabla sijastaafu. Mimi nitaandika kazi yenyewe. Zaidi nitaandika habari ya mwanamke mmoja wa Msambweni, Bi Mejumaa, aliyepanda hadi Kwale kutafuta uso wa mama yake, na jinsi mimi nilivyokuwa nimeuharibu uso huo miaka mingi kabla hajafika, kwa mikono hii hii, tena huku nikisifiwa.

Maktaba iliyoniajiri sitaitaja jina. Nyinyi mnaijua, na asiyeijua haimhusu. Karakana ilikuwa chumba kimoja cha nyuma, na siku ya kwanza nilimkuta humo Fundi Salimu, mzee mpana, kanzu ameifunga kiunoni kwa kamba ya katani isimwingie kwenye gundi. Alijifunza kujalidi Mombasa kwa kushona misahafu iliyochakaa, na hakuamini kwamba kazi hii inamfaa mwanamke. Hakunitamkia. Alinikaribisha vizuri, akaniuliza hali ya wazee wangu, kisha akaniambia nichemshe chai. Nikachemsha chai wiki nzima. Wiki ya pili nilichemsha gundi.

Gundi yetu ilikuwa unga wa ngano na maji, unakoroga mpaka mkono ufe ganzi, halafu unatia chembe ya mrututu ili mende akila asirudi kusimulia. Vifaa vilikuwa vichache: sindano, uzi, kisu cha mshoni wa viatu, presi ya chuma ya kukaza kwa mkono, na mfupa wa kukunjia karatasi. Mfupa ule ulikuwa ubavu wa ng'ombe. Fundi Salimu aliupata kwenye harusi moja huko Kikoneni, akaukwangua kwa kigae cha chupa mpaka ukawa laini. Wenzake waliondoka harusini na pilau, yeye aliondoka na mfupa, na mkewe alimsema kwa hilo mpaka uzeeni.

Kazi yangu ya kwanza ya kweli ilikuwa maboksi ya Sebule. Wengi wenu hamkulijua jarida hilo. Lilikuwa la kila mwezi, la hadithi, mapishi na barua za watu waliotaka kujua kama wachumba wao wanawapenda. Nilipoanza kazi lilikuwa limekwisha kufa, lakini maktaba yetu ilikuwa na kila toleo, la kwanza hadi la mwisho, na hilo lilikuwa jambo la kujivunia mlimani pale. Jalada lake la mbele halikuwa picha ya kamera. Lilichorwa kwa mkono na mtu mmoja wa Msambweni, mchora vibao vya maduka, ambaye badala ya kutia sahihi alichora kaa mdogo pembeni.

Fundi Salimu akanionyesha. Unang'oa pini, unararua jalada, unatoa na kurasa za matangazo, unapanga mwaka mzima kwa mpangilio, unashona pamoja kuwa juzuu moja, kisha unalivika magamba magumu ya kadibodi na kitambaa. Nilimuuliza kwa nini turarue majalada.

"Gazeti ni maneno, mwanangu," akasema. "Jalada ni mlango. Ukishaingia ndani, mlango wa nini tena?"

Alikuwa na sababu zake, na mafundi wote wa zama zile walikuwa nazo. Karatasi inayong'aa haishiki gundi. Majalada yakibaki, juzuu linavimba mgongo. Na wasomaji huiba picha, maneno hawaibi. Nikararua. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na kitu, nilitaka mzee yule anione nafaa, na kwa muda wa kama wiki mbili nikayamaliza maboksi yote. Sikuacha hata moja.

Sasa nije kwenye kosa langu mwenyewe, maana kurarua nilifundishwa, lakini hili nililitoa kichwani mwangu. Kadibodi ya magamba ilikuwa ikitoka Mombasa, na mwaka ule haikutoka. Majuzuu yalikaa mezani yameshonwa, hayana magamba, yanapinda kwa unyevu. Pembeni palikuwa na lile rundo la majalada ya Sebule likingojea kuchomwa moto. Nikamwambia Fundi Salimu: tuyabandike haya, moja juu ya jingine, kama kumi hivi, tuyabane kwenye presi, yakikauka yatakuwa magumu kuliko kadibodi ya dukani. Akachukua mawili, akayapima kwa vidole.

"Hiyo akili," akasema.

Hakuwahi kunisifu kabla ya hapo, na baada ya hapo labda mara mbili. Nilitembea kwenda nyumbani siku ile nikijiona nimezaliwa upya. Nikatengeneza magamba kwa mwezi mzima. Niliyabandika picha kwa picha, ili upande usio na rangi ubaki nje na ukapokee kitambaa vizuri. Tulivika nayo majarida ya kilimo, ripoti za mvua, na vitabu ambavyo mtu huviazima akikosea rafu.

Nikaongeza la pili. Gundi ya unga ilikuwa ikiliwa na mende, mrututu au bila mrututu, nami nilikuwa nimeona maseremala wakitumia gundi nyeupe ya kopo. Nikaiomba, ikanunuliwa. Safari hii Fundi Salimu alikataa.

"Ya unga ina adabu," akaniambia. "Ukiiomba, inaachia. Hiyo yako haiombeki."

"Lakini Fundi, si tunataka isiachie?"

"Leo unataka isiachie. Hujui kesho utataka nini."

Usiache mbachao kwa msala upitao, lakini nani anaikumbuka methali akiwa na kopo jipya mkononi? Mzee alikuwa anachoka, macho yamepungua, nikamshinda kwa ujana tu. Tangu siku hiyo magamba yetu yote yalibandikwa kwa gundi nyeupe.

Nisiseme kwamba hatukujua kuheshimu karatasi. Kazi ngumu kuliko zote tuliyoifanya pamoja ilikuwa msahafu wa familia moja ya pwani, uliolowa mvua paa lilipoezuka. Uliletwa ndani ya leso, umeshikana kama mkate. Tulikaa nao siku kumi na moja, jani kwa jani, tukiingiza mfupa polepole, tukikausha kila ukurasa kwenye kamba ndani ya chumba, na tukikutana na kipande kidogo kama ukucha tulikiweka kwenye bahasha yake. Fundi Salimu hakupaza sauti siku zote zile. Tulipomaliza, mwenye msahafu alilia, na mzee akajifanya anatafuta sindano chini ya meza. Nami katika siku hizo hizo, mapumziko yakifika, nilikuwa nikipaka gundi kwenye nyuso za watu waliochorwa na mwanadamu mwenzangu. Karatasi moja ilikuwa amana, nyingine ilikuwa taka. Sikuona tofauti hiyo inatoka wapi, na hakuna aliyeniuliza.

Fundi Salimu alitangulia mbele ya haki, nikabaki mimi na mfupa wake. Miaka ikapita kwa kushona.

Siku moja niliteremka Ukunda kununua kitambaa, na pale Kona ya Musa, mbele ya duka la vyombo, mtu alikuwa ametandaza gunia la vitabu vikuukuu. Juu ya rundo nikaona Sebule. Zima, na jalada lake. Lilikuwa limechorwa bibi harusi aliyeketi kitako, mikono yote miwili imepakwa hina mbichi haiwezi kugusa kitu, na nzi ametua juu ya pua yake. Bibi harusi amekunja mdomo anajaribu kumpuliza. Kungwi yuko nyuma yake, anaangalia kando, hajui lolote. Nikacheka peke yangu katikati ya soko mpaka muuza vyombo akanitazama. Halafu kicheko kikanikatika. Jalada lile niliwahi kulishika. Nililirarua, na sikucheka, kwa sababu sikuliona.

Hapo ndipo nilipoanza kukusanya. Wako wanaokusanya kwa raha, mimi sikuwa miongoni mwao. Mimi nilikuwa nalipa.

Kwa kuwa huenda mmoja wenu akashikwa na ugonjwa huu, nitawapa niliyojifunza. Usiende nyumba ya mtu ukauliza kama ana majarida ya zamani. Atasema yalichomwa, na ataapa. Muulize ametandika nini kabatini. Wazee wetu walitandika majarida kwenye rafu za vyombo na chini ya nguo, na kwa sababu jalada ndilo zito, jalada ndilo lililotandikwa. Nimekunywa chai nyingi nisizozitaka ili nihamishe sahani za wajane wa watu. Washonaji nguo waliyahifadhi kwa ajili ya mitindo. Vinyozi waliyabandika ukutani, na ya ukutani yaacheni huko, hayatoki ila kwa vipande. Ukilipata, kitu cha kwanza ng'oa pini, maana hewa ya bahari huila na kutu yake huila karatasi. Usibandike utepe wa plastiki. Usipige pasi, hata ukishauriwa na mtu unayemheshimu. Yalaze, usiyasimamishe, weka majani makavu ya mwarobaini katikati, kila moja ndani ya bahasha ya karatasi, si ya nailoni, kwa sababu huku kwetu nailoni hutoka jasho. Na sanduku lisiguse ukuta, mchwa hawabishi hodi.

Kwa miaka kama minane nilipata matoleo thelathini na matatu. Nilikuwa nimerarua zaidi ya mia.

Nilikuwa na mshindani. Kule Diani palikuwa na mfanyabiashara mmoja kutoka bara, mtu mzima mwenye upara na tabasamu, wote wakimwita Kevo. Alinunua majarida yale yale, akakata majalada, akayatia kwenye fremu na kuyauza kwa mahoteli yakapambe vyoo na korido. Nilimkuta dukani kwake ameketi na mkasi, kurasa za ndani zimejaa kwenye ndoo.

"Unafanya nini, mwanangu?" nikamuuliza.

"Mathe, cover ndio iko na soko," akanijibu kwa upole. "Hizi page za ndani ni makaratasi tu. Nani atasoma?"

Nilitaka kumkaripia, nikakumbuka rundo langu mwenyewe. Mimi nilitupa sura nikaweka maneno, yeye anatupa maneno anaweka sura. Kati yetu wawili tulikuwa tumelimaliza lile jarida bila kuacha kitu, na yeye angalau vyoo vyake vina watazamaji. Tulikubaliana awe ananionyesha kabla ya kukata. Aliitimiza ahadi yake, sina ubaya naye.

Miaka miwili kabla ya kustaafu, asubuhi moja, akaja Bi Mejumaa. Alikuwa mwanamke wa kama miaka hamsini, buibui limepigwa pasi, mkoba ameushika kwa mikono miwili kama aliyekuja kwa hakimu.

"Salaam aleikum. Shikamoo, dada."

"Aleikum salaam. Marahaba. Karibu ukae."

"Nimeambiwa nije kwako. Nyinyi mna Sebule zote?"

Nikamjibu kwamba tunazo. Ndivyo tulivyozoea kujibu.

Akaketi, na kwa mara ya kwanza akauachia mkoba. Baba yake, akanieleza, ndiye aliyekuwa akichora yale majalada. Alikuwa amefariki, na arobaini ilikuwa imesomwa wiki iliyopita. Mama yake, Mwanamisi, alikufa kwa homa yeye Mejumaa akiwa bado anatambaa. Mwanamisi hakuwahi kupigwa picha. Aliiogopa kamera, alisema inampunguza. Lakini mumewe alimbembeleza akamchora mara moja, anakuna nazi uani, na mchoro ule ukatoka kwenye jalada la Sebule, toleo la mwezi wa kabla ya Ramadhani. Karatasi ya asili wenye jarida hawakuirudisha. Nakala ya nyumbani ilioza.

"Watu huniambia nimefanana naye," akasema. "Wengine huniambia sikufanana naye hata kidogo. Wajomba wameisha, bibi ameisha. Nikiuliza alikuwaje, naambiwa alikuwa mzuri. Kila aliyekufa alikuwa mzuri, dada. Mimi sijawahi kumwona."

"Na baba yako hakumchora tena?"

"Alisema mkono ulikataa. Mwaka huu, ugonjwa ulipomzidi, akaniambia, usihuzunike, Kwale wanazo zote, zimejalidiwa vizuri, hazitapotea. Nikiondoka, nenda ukamwone mama yako." Akanitazama. "Alikuwa akilala usingizi kwa hilo."

Nililiteremsha juzuu la mwaka ule. Kitambaa chekundu, jina limepigwa dhahabu mgongoni, mshono ulionyooka ambao hata leo siuonei aibu. Bi Mejumaa akaomba kwanza anawe mikono. Akarudi, akasema bismillahi, akafungua. Ukurasa wa kwanza ulikuwa orodha ya yaliyomo. Akafunua mpaka mwezi wa pili, orodha ya yaliyomo. Mwezi wa tatu. Alifunua mwaka mzima, kisha akaanza tena mwanzo, polepole zaidi, akidhani majani yameshikana.

"Picha za mbele ziko wapi, dada?"

"Tulizitoa."

"Mkaziweka wapi?"

Ningeweza kumjibu kwamba zilichomwa moto. Angelia, angekwenda zake, na jambo lingeishia pale. Lakini nilijua ziliko, na nilipoona vile uso wake ulivyokuwa, nikafanya kosa la kumpa tumaini. Nikamwambia kwamba zimo ndani ya magamba ya vitabu vingine, na kwamba nitazitoa.

Nilikumbuka magamba ya msimu ule yalivalishwa majarida ya kilimo. Nikayashusha kumi na mawili. Nilipochana kitambaa cha la kwanza, pembeni mwa gamba pakaonekana tabaka za rangi, nyekundu, kijani, manjano, na Bi Mejumaa akashika kifua. Kwa siku tatu alikuwa akipanda kutoka Msambweni kila asubuhi. Nilitia maji ya vuguvugu kwenye beseni, nikaloweka, nikaingiza mfupa wa Fundi Salimu. Yale machache ya mwanzo, tuliyobandika kwa gundi ya unga, yaliachia kama aliyeamshwa. Tulitoa muuza ndizi, tukatoa mwalimu juu ya baiskeli. Mama yake hakuwamo. Kisha tukafika kwenye ya gundi nyeupe.

Siku ya tatu, kwenye gamba la tisa, ilitokea pembe moja. Kaa mdogo. Juu ya kaa, mguu wa mbuzi ya kukunia nazi, pindo la leso, halafu mkono wa mwanamke ulioshika kifuu, vidole vyembamba, pete moja ya fedha.

"Huyo!" akasema Bi Mejumaa. "Pete hiyo ninayo! Ninayo nyumbani!"

Kuanzia kwenye bega kwenda juu, jalada lilikuwa limeshikana na jingine, picha kwa picha, kama nilivyopanga mwenyewe. Nikajaribu maji ya moto. Nikajaribu mvuke, nikajaribu siki. Niliiomba ile gundi kwa kila njia niliyoijua, na kwa dua pia. Bi Mejumaa alikuwa amenishika kiwiko. Karatasi ilipoachia iliachia vibaya. Upande wa Mwanamisi palibaki weupe mtupu juu ya shingo. Upande wa pili, juu ya jezi ya mcheza mpira, palibaki doa la kahawia na rangi iliyovurugika. Nililigeuza, nikalishika mbele ya dirisha, nikaliweka chini ya kioo cha kukuzia. Hapakuwa na uso. Nilikuwa nimeupondaponda kwenye presi zaidi ya miaka thelathini iliyopita, na kuukaza kwa nguvu zangu zote.

Nililia mimi, yeye hakulia. Alikaa akiutazama ule mkono wenye pete mpaka karatasi ikaanza kukauka na kujikunja. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Lakini wewe, dada, ulimwona. Ulilishika likiwa zima."

"Nililishika."

"Basi niambie. Alikuwaje?"

Sikukumbuka chochote. Zaidi ya majalada mia kwa wiki mbili, na mimi nawaza mzee atasemaje. Nilitafuta kichwani kama mtu anayetafuta ufunguo, nikamwona muuza ndizi, nikamwona bibi harusi wa Kona ya Musa. Mwanamisi sikumwona. Bi Mejumaa alikuwa amekwisha kufuta mikono kwa kanga na ameiweka magotini, anangoja. Mungu anisamehe. Nikafungua kinywa.

"Alikuwa na kifinyo," nikasema. "Kwenye shavu la kushoto."

"Alikuwa anacheka?"

"Kidogo. Kama mtu anayekizuia kicheko."

Akapeleka kidole kwenye shavu lake la kushoto, akalibonyeza, akahangaika nalo. "Basi mimi sikukirithi," akasema, na hapo ndipo alipolia na kucheka pamoja. Nilimtilia ule mkono wenye pete kwenye bahasha. Aliniaga kwa kunibusu kiganja, mimi niliyemuulia mama mara ya pili.

Tangu hapo sikukusanya tena Sebule zote, nilitafuta moja tu. Nikaandika kwa maktaba nyingine nilizozijua. Zilizonijibu zilikuwa na mwaka ule, kamili, umejalidiwa vizuri sana. Kevo alitafuta na watu wake wa bara. Nilihamisha sahani Msambweni, Kikoneni, hadi vijiji ambavyo sikuwa na ndugu. Sikulipata. Nikastaafu, mkanipa saa ya ukutani na maneno mazuri, nikayasikiliza nikiwaza gamba la tisa.

Mwezi uliopita Bi Mejumaa alinipigia simu. Sauti yake ilikuwa juu, nyuma yake wanawake wanapiga vigelegele. Binti yake alikuwa amejifungua mtoto wa kike.

"Ana kifinyo, dada! Shavu la kushoto! Ulivyoniambia! Tumemwita Mwanamisi. Mama amerudi."

Nikamwambia alhamdulillahi. Nikamwambia ampe mtoto busu langu. Nilipokata simu nilikaa chini jikoni, sufuria likaungua, sikunyanyuka.

Sasa amewasimulia watu wote. Kila atakayemtazama mtoto yule atatafuta shavuni mwake jambo nililolibuni kwa sababu sikuweza kuvumilia kimya cha dakika moja. Siku nyingine najiambia kwamba nimempa kitu. Siku nyingi najua nimempa mama asiyekuwapo, na yule wake wa kweli nimemfukia mara ya tatu. Kumwambia siwezi. Nimekwenda Msambweni mara mbili kwa nia hiyo, na mara zote mbili nimewekewa mtoto mapajani.

Haya nimeyaandika kwa ajili ya karakana, yasitoke nje. Bado ninatafuta, ingawa siku hizi mtu akiniambia ana rafu iliyotandikwa majarida, naona kizunguzungu kabla sijasogeza sahani ya kwanza. Najua jalada lile liko mahali. Hakuna kitu kinachopotea chote. Nyinyi mnaingia nyumba nyingi kuliko mimi, na huenda mkaliona: mwanamke anakuna nazi uani, pete ya fedha kidoleni, na uso wake uko pale, mzima, kama alivyokuwa.

Mkilipata, msilipeleke Msambweni. Nileteeni mimi kwanza, na msiniulize nitalifanya nini.